Kansa ya mapafu ya mama: nilipie kipimo cha jeni au pesa iende kwa dawa? Naomba ushauri

MwanaBombo
Wakubwa zangu humu salaam, wenzangu habari za saa hizi. Naomba msinicheke na msinitukane, hili jambo limenikaa kichwani mpaka usingizi sipati. Mama yangu anaumwa. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, yuko Bombo hapa Uganda, maisha yake yote ni kukaanga samaki na mihogo, baba alishatangulia zamani kwa hiyo ni yeye ametusomesha, na hajawahi kushika sigara hata ya kumuwashia mtu. Alianza kukohoa mwaka jana, tukazunguka sana, kila tunapoenda wanatupa kitu, mwishowe wakachukua nyama kidogo kwenye pafu na jibu likarudi ni kansa, aina yake wanaita adenokasinoma. Sasa daktari wa kansa anasema kabla hajaandika dawa yoyote ile nyama ipimwe jeni, kuna moja inaitwa EGFR na ingine ALK, inatumwa nje ya nchi, pesa yenyewe si mchezo na majibu ni ya kusubiri. Na mimi nimesoma kwamba kansa hii kwa watu wasiovuta sigara mara nyingi ni hiyo EGFR, dawa yake ni vidonge vinaitwa gefitinibu, unameza kimoja kwa siku uko nyumbani, hakuna kulazwa, nywele mara nyingi hazitoki. Vidonge vyenyewe naweza kuvipata nusu bei kuna mtu anavyo. Swali langu ni moja tu, kama pesa inatosha kitu kimoja kwanini nisiweke kwenye dawa nikaachana na kipimo? Wenye uzoefu tafadhali.

BodaMkweli
Pole sana ssebo. Mama ni mmoja bwana. Mimi ningeuza hata pikipiki nikanunua dawa, hayo mambo ya kupima kupima ndio yalimmaliza kaka yangu mkubwa, alikufa kaacha mafaili chini ya kitanda, dawa hajaonja hata moja.

Tausi256
Pole kaka. Lakini tuseme ukweli, miaka yote hiyo mama anakaanga samaki kwa kuni nyinyi watoto mlikuwa wapi? Wale watu wa kansa wa WHO walishasema toka 2010 kwamba moshi wa kuni wa ndani kuna uwezekano mkubwa unaleta kansa ya mapafu. Tunakula tu mihogo mitamu hatuulizi aliyeikaanga anavuta nini. Sigara mnapigia kelele, sheria ya tumbaku ikapitishwa 2015, jikoni hakuna anayeingia.

MwanaBombo
Dada Tausi gesi nilimnunulia. Aliiuza akalipa ada ya mdogo wangu. Naomba turudi kwenye swali.

MzeeKakira
Vijana hamjui mlikotoka. Hapa hapa hospitali ya Mulago ndipo daktari Burkitt alikaa akawatazama watoto waliovimba mataya kwa kansa, akaandika 1958, dunia nzima ikajua ugonjwa huo kwa jina lake. Miaka ya baadaye ndio wataalamu wakaona kumbe ndani ya seli kromosomu ya 8 imebadilishana vipande na ya 14. Taasisi ya kansa yetu ilianza 1967 wakati nchi nyingi hapa Afrika hazijawaza kitu kama hicho. Na leo hii 2020 na ngapi tunapakia nyama ya mama zetu kwenye bahasha kwenda ng'ambo. Sina zaidi.

BodaMkweli
Mzee wewe kila uzi lazima urudi 1967 😂

HajjatMbale
Mwanangu pole, Allah amponye mama. Marehemu Hajji wangu alikuwa na ya koo, ilikuwa 2016, ile mashine ya mionzi imeharibika na nchi nzima hakuna ya pili, tukapanda basi la usiku kwenda Nairobi, Hajji amekaa na kopo la kutemea mapajani, pale Busia yule kijana wa mpakani ananiuliza mama umebeba nini nikamwambia nimebeba mume, akacheka akatupitisha. Tulikaa kwa binti wa shangazi yangu, mwanamke ana roho nzuri yule sijapata kuona. Basi usikate tamaa. Mchemshie mululuza, yale majani machungu, na kitunguu saumu anywe asubuhi kabla ya kula, hauwezi kumdhuru.

FundiMaabara
Hajjat heshima yako, lakini hilo la "hauwezi kumdhuru" tuliache kwanza.

MwanaBombo, nafanya kazi na sampuli hizi kwa hiyo nitakujibu ulichouliza. Hicho kipimo hakitafuti kama kansa ipo, hilo mmeshajua. Kinatafuta nini kinaisukuma. EGFR ni kipokezi kimekaa kwenye ukuta wa seli, kazi yake kupokea amri ya kukua halafu inyamaze. Jeni yake ikipoteza kipande pale ekzoni 19, yaani sehemu yake ya 19, au herufi moja ikibadilika ekzoni 21, ile inaitwa L858R, kipokezi kinabaki kimewaka usiku na mchana bila amri ya mtu. Hizo mbili peke yake ni kama asilimia 85 hadi 90 ya mabadiliko yote ya EGFR yanayoonekana kwenye mapafu. Gefitinibu inaingia palepale inazima. Sasa kama kinachosukuma ni jeni nyingine, ALK, au ROS1, au KRAS, gefitinibu inafika haikuti cha kuzima. Unameza, unalipa, na kansa inaendelea na safari yake.

Na hiyo hesabu yako ya "hajavuta sigara basi ni EGFR" walishaifanya wengine kabla yako. Kuna utafiti wa Asia unaitwa IPASS, ulitoka 2009, wagonjwa zaidi ya 1,200, wote adenokasinoma, karibu wote hawajawahi kuvuta sigara na wachache waliobaki waliwahi kuvuta kidogo. Yaani kwa kuwatazama wote ni mama yako. Wakagawanywa, hawa gefitinibu hawa kemo, zile dawa za kansa za dripu. Wenye mabadiliko ya EGFR, uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 71 ya waliomeza gefitinibu, kwa kemo ni 47. Wasio na mabadiliko, gefitinibu asilimia MOJA. Kemo 23 na nusu. Soma tena hiyo moja.

NairobiPoa
Hapo umeongea. Niongeze tu, hizi dawa ziko kwa ile list ya dawa muhimu ya WHO toka 2019, elotinibu na wenzake gefitinibu na afatinibu, na wameandika wazi ni za wenye mabadiliko ya EGFR. Si za kila mtu mwenye kansa ya mapafu. Pole msee.

MwanaBombo
Asanteni FundiMaabara na NairobiPoa. Lakini mimi nilisoma kwamba karibu nusu ya wagonjwa wanakuwa nayo hiyo EGFR. Nusu si haba. Mtu akikwambia una nusu ya kushinda si unacheza?

FundiMaabara
Karibu nusu ni Asia Mashariki. Ulaya ni kama 10 mpaka 15 kwa mia. Mama yako ni wa Bombo, si wa Shanghai.

KingKisenyi
Ndugu mwenye uzi hiyo dawa ya nusu bei nitumie namba ya huyo mtu PM.

Nesi_Arua
Nimesoma uzi mara mbili. MwanaBombo mdogo wangu, kuna mahali sielewi. Unauliza ununue au usinunue, lakini "kuna mtu anavyo" ni nani? Duka la dawa lina jina, mtu hana. Na swali la pili jibu kwa kifupi tu: mama ameshaanza kumeza?

MwanaBombo
Ni mtu tunafahamiana. Sitaki kumwingiza humu.

Nesi_Arua
Sijauliza jina lake. Nimeuliza mama ameshaanza?

Tausi256
Ameanza. Mtu akinyamaza saa tatu nzima baada ya swali kama hilo ameanza.

MwanaBombo
Sawa. Ameanza. Mko radhi sasa?

Nielezeni mngefanyaje. Pale wodini alipolazwa kuchukuliwa ile nyama kitanda cha pili alikuwa mzee mmoja, watoto wake walimletea dawa hizi kutoka India, amefariki kabla hajamaliza, maboksi yamebaki hayajafunguliwa, tarehe yake bado mbali. Mtoto wake akaniambia chukua unipe nusu tu kwa sababu ya mazishi. Mnataka nikatae? Daktari anasema subiri majibu, yeye hasikii mama akikohoa saa nane za usiku ameshika ukuta kwa mikono miwili. Mimi ndio nalala chumba cha pili. Na toka aanze kikohozi kimepungua, hata ule upele wa usoni wanaosema hana, kuharisha hana, anakula ugali wa posho vizuri. Kitu pekee nimekiona ni mkojo umekuwa rangi ya Mirinda nikajua dawa ndio inatoa uchafu. Kwa hiyo mimi naona inafanya kazi, nilichotaka ni kujua kama bado kuna haja ya kutoa pesa ya kipimo wakati mtu anaendelea vizuri, kiwanja chenyewe cha kuuza mzee amekataa kisiguswe.

BodaMkweli
Kama inafanya kazi inafanya kazi. Achana na hao wa vitabu.

MpendaUkweli
Samahani wakuu mimi nimevumilia toka jana. Huu uzi ni tangazo. Angalieni vizuri. Kaanza na jina la dawa kalitaja wazi, akasema nusu bei, akasema haina shida haina nywele kutoka, akaja KingKisenyi anaomba namba, halafu tunaambiwa kikohozi kimepungua, upele hakuna, posho inaliwa. Kesho tutapewa WhatsApp. Na uongo hauna kumbukumbu, post ya kwanza "baba alishatangulia zamani", hii ya sasa "mzee amekataa kiwanja kisiguswe". Marehemu anakataa vipi kuuza kiwanja? Amepiga simu?

NairobiPoa
Haki hiyo ya mzee sikuwa nimeiona 👀

Tausi256
Na mimi nimemlilia mtu bure jamani!!

KingKisenyi
Mimi simjui huyu mtu. Niliuliza tu.

MpendaUkweli
Ndio wanavyosemaga wote. Mwaka juzi ilikuwa ile chai ya ini, ikaanza hivi hivi, mama mgonjwa, mtu anavyo, nusu bei. Watu walituma pesa Mobile Money mpaka leo chai hawajaiona.

HajjatMbale
Hiyo chai mimi niliipata. Ilikuwa majani ya kawaida tu.

MwanaBombo
Hivi kweli? MpendaUkweli mzee ni mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, ndiye ameshika kiwanja cha ukoo, huku kwetu tunamuita mzee, nyinyi mnamuitaje? Nikitaka kuuza dawa nitakuja kuuza kwa watu kama nyinyi mnaobishana mpaka alfajiri? Sijaweka namba na sitaweka. Karatasi za mama siwezi kuzipandisha humu Bombo wote wajue. Lakini nitakuandikia maneno yaliyo kwenye jibu la maabara kama yalivyo: adenokasinoma, TTF-1 chanya, p40 hasi, uthibitisho wa jeni unapendekezwa. Haya, ni tangazo hilo?

FundiMaabara
Hayo yanakaa sawa. TTF-1 na p40 ni alama tunazotafuta kwenye nyama. TTF-1 ikiwa chanya na p40 hasi ndivyo tunavyosema ni adenokasinoma ya kwenye pafu lenyewe, si ile aina nyingine ya kansa ya pafu inayoitwa skwamasi. Mtu wa kuuza chai hawezi kujua aandike p40.

MpendaUkweli
Google ipo kwa kila mtu mkuu.

Msimamizi
Onyo moja. Hakuna namba za simu, hakuna kuuza wala kuulizia dawa za kuandikiwa na daktari kwenye uzi huu wala PM kupitia uzi huu. KingKisenyi comment yako naiacha watu waione lakini usirudie. Endeleeni kwa adabu.

Nesi_Arua
Wakati nyinyi mnapigania marehemu aliyepiga simu mimi nimebaki kwenye ule mkojo.

MwanaBombo sijali kama unasema kweli ama hapana, nitakujibu kana kwamba ni kweli kwa sababu kuna mtu mwingine atasoma hapa mama yake akiwa kitandani. Gefitinibu haibadilishi mkojo kuwa wa chungwa. Sijawahi kuona wala kusikia. Ninachokijua kinachofanya hivyo, na nimekiona kila siku ya kazi yangu, ni rifampisini. Ile ya kifua kikuu. Mkojo, jasho, hata machozi. Uliandika mwanzo "tukazunguka sana, kila tunapoenda wanatupa kitu". Walikupeni nini? Mama anameza dawa za TB sasa hivi?

MwanaBombo
Hilo halihusiani na swali langu.

Nesi_Arua
Ndio linalohusika kuliko yote mdogo wangu.

FundiMaabara
Dah. Nesi nakuvulia kofia. Nilipita hapo sikuona.

MwanaBombo
Nimekaa nikafikiri kama niandike. Haya.

Ndio, anameza. Kliniki moja tulikwenda mwanzo walimpiga eksirei wakaona doa, makohozi walipima hayakuonyesha kitu lakini wakasema kwa picha hii ni TB, wakamwanzishia. Walimwambia ole wako ukatize itakuwa sugu. Mama ni mtu wa kutii, kila siku alfajiri kabla ya swala anameza, yuko kwenye miezi ya mwisho. Hata wakati wa kutoa ile nyama hakuacha. Kwa daktari wa kansa hatukusema. Mama ndiye alikataa. Bombo ukisema TB watu wanasikia kitu kingine, nani atanunua samaki wake? Alisema nikifa na kansa watu watanizika kwa heshima, nikiitwa wa TB hata mtoto hataletewa mchumba. Mimi nimheshimu mama au niheshimu faili? Na isitoshe nani kasema dawa mbili haziwezi kukaa pamoja, kila moja na ugonjwa wake.

Tausi256
Mungu wangu.

Nesi_Arua
Asante kwa kusema. Hapa sitakugombeza.

Sikiliza. Rifampisini inaliamsha ini livunje dawa nyingi haraka kuliko kawaida. Gefitinibu ni mojawapo. Walipima, mtu akizimeza pamoja, gefitinibu inayobaki kuzunguka mwilini inapungua kwa asilimia 83. Yaani maboksi uliyonunua sehemu kubwa inaishia kwenye ini la mama, pafu linapata masalia. Huo upele unaofurahia kwamba hana, ni moja ya vitu vya kawaida kabisa kwa watu wanaomeza dawa hizi, mtu kutokuwa nao peke yake si ushahidi wa kitu, lakini ukiuweka pamoja na huo mkojo mimi unanipa mashaka. Kikohozi kupungua kuna sababu nyingi, alipewa dawa ya maji ya usiku?

MwanaBombo
Alipewa. Ya kikohozi na ya usingizi kidogo.

Nesi_Arua
Basi usimsifu gefitinibu peke yake.

Na SASA usifanye jambo moja: usiende kumnyang'anya dawa za TB. Kuna watu wana vyote viwili, kansa na TB kwenye pafu moja, na kuna watu walipewa TB kumbe ilikuwa kansa toka siku ya kwanza, kutoka kwenye simu hatuwezi kujua mama ni yupi. Hiyo wanaamua wao, watarudia makohozi kwa GeneXpert, ile mashine ya kutafuta TB, wataangalia picha upya. Kazi yako ni moja, beba kila kitu anachomeza, boksi kwa boksi, na ile kadi ya TB, mpelekee daktari wa kansa. Kadi ibebe wewe kwenye bahasha, mama haina haja hata ya kuitaja kwa mdomo. Sisi tunaona kadi hizo kutwa nzima hakuna anayekimbilia sokoni kutangaza. Na akianza kuhema kwa shida ghafla kuliko alivyozoea usingoje miadi, hizo gefitinibu mara chache zinachoma pafu lenyewe, mpeleke siku hiyo hiyo.

MwanaBombo
Sasa kama ameshaanza kumeza si kipimo kimeshaharibika? Ndio maana nilisema hakina haja tena.

FundiMaabara
Hapana, usijifariji na hiyo. Nyama ilichukuliwa kabla hajameza, sivyo? Iko kwenye bloku ya nta kule maabara, imeganda na jeni zake kama zilivyokuwa siku ile, hata mama akimeza lori zima la gefitinibu bloku haijui. Kinachoweza kuyumba ni kile kipimo cha damu, kwa sababu kinategemea vipande vya DNA ambavyo uvimbe unavitupa kwenye damu, dawa ikifanya kazi vinapungua hujui kama hakuna au vimefichwa. Kwa hiyo nyie mna bahati mna bloku. Nenda kaulize namba yake na uulize imebaki nyama kiasi gani.

MzeeKakira
Zamani daktari alikuwa anakugusa tu mgongoni anajua.

BodaMkweli
Zamani watu walikuwa wanakufa tu Mzee wala hawajui cha nini.

MwanaBombo
Nimerudi. Nimekwenda maabara leo, nilipanga foleni mpaka adhuhuri. Bloku ipo, nimeandika namba yake. Lakini dada wa pale ananiambia imebaki kidogo, wameshaikata sana kwa vile vipimo vya kwanza, na mimi pesa niliyonayo mzee bado hajalegea ni ya EGFR tu. Nifanye EGFR peke yake, ikishindikana nitafute ALK baadaye? Na daktari nimeomba kumuona wiki hii, maboksi nitabeba. Kadi bado sijaongea na mama.

FundiMaabara
Ukiwa na nyama kidogo usiikate mara mbili. Kila wakiirudisha kwenye mashine wanapunguza juu kusawazisha kabla ya kupata kipande kizuri, na unaweza kukuta ya ALK haipo tena, itabidi mama achomwe sindano ya pafu upya. Waambie wakate vipande vyote siku moja, vya EGFR viende, vya ALK vikae kwenye vioo vinakusubiri ukipata pesa. ALK ni kama 3 mpaka 5 kwa mia tu lakini inapendelea watu hao hao wasiovuta sigara, na ina vidonge vyake, krizotinibu ilipitishwa Marekani 2011 na zimekuja nzuri zaidi baadaye. KRAS mara nyingi ni ya wavutaji, usianzie huko. Na muulize daktari kabla hujalipa, kuna hospitali zinapimiwa bei ya chini zikituma sampuli nyingi pamoja, lakini ni yeye ataomba, wewe ukienda mwenyewe utalipa bei ya mtu wa dukani.

HajjatMbale
Huyo mjomba nipeni mimi niongee naye. Kiwanja kitamzika nani?

MwanaBombo
Hajjat asante mama yangu, huyo mzee hata Imamu alishashindwa 😅
Lakini nasema tena sikukosea kununua zile dawa. Ikirudi EGFR ipo zitatumika.

Nesi_Arua
Ikirudi ipo, na suala la rifampisini limeshapangwa na daktari, sawa. Kabla ya hapo ni maboksi tu.

BodaMkweli
Kama bloku inahamishwa kutoka maabara kwenda kwa hao wa kutuma mimi nitaibeba bure, niko Kawempe, kila siku napita huko.

FundiMaabara
Ukiibeba usiifungie kwenye boksi la nyuma la pikipiki ukaegesha juani ukaenda kula. Ni nta hiyo. Barafu haihitaji, kivuli tu, na karatasi yake iambatane, bloku bila karatasi ni nyama ya nani?

BodaMkweli
Nitaiweka mfukoni mwa shati karibu na roho.

FundiMaabara
Mfuko wa shati una jasho. Bahasha.

MpendaUkweli
Mimi bado asilimia kama arobaini hivi siamini. Lakini hiyo ya rifampisini nimei-save, dada yangu anameza dawa za TB na za kifafa, nitamwambia aulize. KingKisenyi na wewe, hebu tueleze, ile namba uliitaka ya nini?

KingKisenyi
Ni ya shemeji yangu. Anakohoa damu kidogo toka mfungo. Anavuta sigara sana yule.

Nesi_Arua
Amepimwa nini mpaka sasa?

KingKisenyi
Bado. Tulisikia tu kuna vidonge.

Nesi_Arua
Kukohoa damu si kwa kusubiri, kesho asubuhi mpelekeni atoe makohozi na apigwe picha. Halafu fungua uzi wako King, huu ni wa mama wa Bombo.